Uwanja Usio na Namba

Kosa la Onesmus Shikanga lilikuwa la adabu. Lingekuwa la tamaa, watu wa Lusiola wangeshalisahau, maana tamaa wameizoea. Lakini mtu kupoteza ardhi kwa sababu ya adabu zake, hilo lilikuwa jipya hata kwao. Mpaka leo ukifika pale kijijini, ng'ambo kidogo ya Malinya, watakusimulia huku wakitazama pembeni. Nao wana sababu ya kutazama pembeni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mafahali. Kama hujawahi kuiona, jua tu kwamba kufikia saa moja asubuhi ngoma za isukuti zimeshaanza kulia, watu wamejipanga duara na matawi mikononi, na kila mwenye fahali anaapa kwamba fahali wa jirani ni ndama. Uwanja wa Lusiola ulikuwa kipande cha ekari moja na ushei mbele ya nyumba ya Onesmus, nyasi zake zimekanyagwa mpaka udongo mwekundu ukatoka. Babu yake alikaribisha mafahali hapo. Baba yake akakaribisha. Na yeye, mzee wa miaka sitini na tisa aliyestaafu upishi wa shule, akaendelea kukaribisha bila kumtoza mtu chochote. Mkewe Abigail ndiye aliyewapikia wenye mafahali obusuma, ugali wao, na mwaka ukiwa mzuri akachinja na ingokho, yaani kuku, mpaka wakamwita Mama Mafahali. Alipofariki, miaka sita sasa, alizikwa ukingoni mwa uwanja huo huo, upande wa kushoto wa nyumba, karibu na kelele alizozipenda. Kila asubuhi Onesmus alipiga mswaki akiwa amesimama pale kaburini, akimpa habari za usiku.

Sasa sikieni desturi yao. Siku ya mafahali, mwenye uwanja hasemi uwanja ni wake. Halisemwi hilo. Anayesema "hapa ni pangu" wakati mafahali wamesimama pembe kwa pembe amejitwika damu yoyote itakayomwagika: mtu akichomwa pembe, fahali akivunjika mguu, mzigo ni wake, yeye na watoto wake. Kwa hiyo ukimuuliza siku hiyo, atakujibu kwamba uwanja ni wa watu wote na yeye ni mgeni kama wewe. Watu watacheka, kwa sababu kila mtu anajua ni wa nani.

Cherono hakujua. Alikuwa afisa wa mipango, msichana wa Kinandi mwenye heshima zake, ametumwa kukusanya habari za mpango wa matumizi ya ardhi: wapi palimwe, wapi pajengwe, wapi paachwe wazi. Wiki nzima alikuwa akibisha milango na kukuta watu wameenda shambani. Jumamosi hiyo aliona umati, akamshukuru Mungu, akamfuata mzee aliyesimama mbele kabisa na kofia yake ya kijivu.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Mzuri, binti yangu. Simama hapa nyuma yangu. Huyo Tingatinga wa Cornelius habaguangi mtu."

"Samahani, huu uwanja ni wa nani?"

Onesmus alicheka, akatazama kando kama inavyotakiwa. "Ni wetu sote."

"Yaani ni wa umma?"

"Wa umma, wa ndume, wa Mungu. Mwenye ndume anakujanga tu, haulizi mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu babu yangu hajaota ndevu."

"Na wewe hapa ni nani?"

"Mimi? Mimi ni mgeni kama wewe!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Cornelius Andati, mwenye fahali huyo Tingatinga, liguru wa kijiji, yaani mkuu wake mdogo chini ya chifu, na rafiki wa Onesmus tangu siku walipotahiriwa pamoja wakiwa wavulana. Cherono naye akacheka, kidole chake kikitembea juu ya tableti. Alipomwomba mzee aweke sahihi chini ya maelezo, mzee aliweka, tena akamkatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, ila ulimi wa Onesmus siku hiyo ulikuwa unasema ulivyofundishwa na baba yake.

Miezi minne baadaye binti yake Lynette alifika nyumbani siku ya kazi, jambo ambalo si kawaida yake. Lynette ni kitinda mimba, anafanya kazi ya maktaba katika chuo cha kilimo kule Bukura, na si mtu wa kuhangaika bure.

"Baba, umeona ramani?"

"Ramani ya nini?"

"Ile wamebandika kwa chifu. Vaa viatu twende."

Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa nje, chini ya paa lililokuwa linavuja, kona moja imeshalowa. Watu wawili watatu walikuwa wakiitazama na kupongezana. Kijani ni mashamba, Lynette alimweleza. Njano ni makazi ya mji, kwa kuwa barabara ya lami inakuja na mji unakuja nayo. Nyumba ya Onesmus ilikuwa ndani ya njano pamoja na nyumba nyingi za Lusiola, na hilo ndilo watu walilopongezana, maana njano ni stima, njano ni maji ya mfereji, njano ni mtoto wako kuuza kipande kwa bei ya watu wa mjini. Lakini mbele ya nyumba, pale penye mafahali, palipakwa zambarau.

"Hiyo nayo ni nini?"

"Ardhi ya umma."

Onesmus alicheka kidogo. "Wamekosea rangi."

"Baba, hawakukosea. Wameandika kwamba mwenyeji wa pale ndiye aliyesema." Alimsomea kutoka kwenye karatasi za chini, neno kwa neno, mpaka lile la ndevu za babu. "Tuna siku sitini za kupinga. Hati ya shamba iko wapi?"

Hati ilikuwa kwenye sanduku la bati, imefungwa ndani ya leso ya Abigail. Namba ilikuwa moja, na ilikuwa ya nyumba peke yake, robo ekari. Kesho yake baba na binti walikwenda mjini Kakamega, ofisi ya ardhi, ambako karani aliwafunulia karatasi kubwa ya zamani iliyopauka. Hii hapa namba yenu, aliwaambia. Na hapa mbele yake? Lynette aliuliza. Hapa mbele yake hapana namba. Palikuwa na weupe tu, umezungushiwa mstari. Wapima ardhi wa miaka ile walipofika Lusiola waliandika pembeni kwa kalamu ya risasi, na maandishi bado yalisomeka: uwanja wa wote, kwa kauli ya mwenye boma.

Onesmus alikaa kwenye benchi la ofisi ile. Alielewa. Baba yake aliulizwa swali lile lile, bila shaka siku kama ile ile, isukuti zikilia, akajibu kama alivyojibu yeye. Miaka hamsini wamefyeka, wamezungushia miti ya lusiola mipakani, wamezika, na kumbe kwenye karatasi walikuwa wageni kweli. Aliona aibu, kisha akamkasirikia baba yake, kisha akaona aibu tena kwa kumkasirikia marehemu.

"Bado hamjachelewa," karani alisema, na alisema kwa wema. "Kuna kikao cha maoni ya wananchi kabla mpango haujapita. Simama useme. Majirani wawili watatu wakishuhudia kwamba ni kwenu tangu zamani, afisa anaandika, uwanja unatolewa kwenye zambarau, na hapo ndipo utaomba namba. Majirani wasiposhuhudia, mzee, mimi sitakudanganya."

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Cornelius, akamkuta akimpaka Tingatinga mafuta kwenye pembe. Alimweleza yote. Cornelius alisikiliza, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Aka! Hilo nalo ni la kulia? Hata mtoto wa jana anajua uwanja ni wako. Mimi mwenyewe nitasimama. Nikiketi, niite mwanamke."

"Wanawake wamekukosea nini? Wewe simama tu."

"Nitasimama, ndugu yangu. Nenda ulale."

Naye alilala, usiku huo na mingine iliyofuata, mpaka Lynette akaanza kumlalamikia kwamba anachukulia jambo kirahisi. Atashuhudia nani mwingine? Wote, baba alijibu. Nimewalisha wote.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, Alhamisi saa nne. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Cherono alisoma mpango kwa Kiswahili safi, akaonyesha rangi moja moja. Kisha akasimama mwenyekiti wa kamati, mtu mnene wa kutoka mjini mwenye sauti ya kuhubiri, akauliza: Je, mnajua wenzenu mahali pengine wanatazama mchezo wakiwa wameketi? Nyinyi mpaka lini mtasimama kwenye matope? Pale penye zambarau, alisema, tumepanga kujenga uwanja wa kwanza wa mafahali wa aina yake: viti vya saruji, paa, vyoo, mfereji wa kunyweshea mafahali. Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alipiga kigelegele.

"Lakini," mwenyekiti akainua kidole, "hatujengi kwenye shamba la mtu. Kama pale pana mwenyewe, viti vinakwenda kata nyingine. Haya. Kuna anayedai pale ni pake?"

Hebu fikiria kusimama baada ya maneno kama hayo. Onesmus alisimama. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Ni pangu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kwa sababu neno hilo hakuwahi kulisema mbele ya watu. "Babu yangu ndiye alifyeka. Niliyomwambia huyu binti niliyasema kwa desturi. Nyinyi nyote mnajua. Siku ya ndume hatusemangi."

Lazima tumpe Cherono haki yake: hakumcheka, wala hakumkatiza. "Nimekuelewa, mzee," alisema. "Kuna wa kushuhudia?"

Onesmus aligeuka. Aliona nyuso ambazo amezijua tangu zikiwa na kamasi, na kila uso ulikuwa umepata kitu cha kutazama sakafuni. Cornelius alikuwa anatazama gambuti zake.

"Cornelius," akamwita.

Cornelius alisimama polepole, akakohoa. "Uwanja ule..." alianza. "Mimi nilipata babu yangu akipeleka ndume pale. Baba yangu akapeleka. Mimi napeleka. Hatujawahi kuomba mtu ruhusa." Kisha akaketi.

Hakusema uongo hata kidogo. Kila neno lilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomchoma Onesmus. Angedanganya, ingekuwa afadhali, angepata la kumjibu.

"Mzee anataka kutunyima viti!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka dirishani, watu wakacheka, na kicheko kikawapa wengine ujasiri.

"Abigail yuko pale," Onesmus alisema. Wachache walisikia.

"Kaburi litajengewa ua mzuri," mwenyekiti alisema. "Mama wa mafahali ndani ya uwanja wa mafahali. Kuna heshima gani zaidi ya hiyo? Wanaokubali pawe pa umma, mikono juu."

Mikono ikapanda. Wanaokataa: mkono wa Lynette, na wa Onesmus, nusu nusu, kama mtu anayeuliza swali. Cherono aliandika alichokiona. Wema hauozi, watu husema. Ule wa Onesmus ulioza siku hiyo mchana kweupe, kanisani.

Viti havikuja. Mwezi wa tatu walikuja watu wa kupima saruji, wakaenda. Mwezi wa tano walikuja watu wengine wenye mtambo wa kutoboa ardhi, wakatoboa mashimo manane, wakatia udongo kwenye mifuko iliyoandikwa. Lusiola si watoto. Vijana wao wanashuka mashimo ya dhahabu kule Malinya kila siku. Walijua kinachotafutwa kwenye udongo huo. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa wa umma, hapakuwa na mtu wa kuombwa idhini. Kamati ilikaa ilikokaa, ikabadilisha neno moja kwenye mpango, michezo ikawa uchimbaji, tangazo likatoka gazetini siku moja ambayo hakuna mtu wa Lusiola aliyenunua gazeti. Jumamosi iliyofuata wenye mafahali walifika na isukuti zao wakakuta mabati mapya yamezunguka uwanja wote, na mlinzi wa kampuni ambaye hata Kiluhya hakijui. Tingatinga alinusa mabati, akayapiga pembe mara moja, akarudishwa nyumbani. Ngoma zilipakiwa bila kupigwa.

Jumatatu yake Cornelius alibisha kwa Onesmus. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu siku ya kikao.

"Mirembe, Onesmus."

"Mirembe." Kwa kuwa salamu hainyimwi mtu. Lakini hakumwambia akae.

"Ndugu yangu, mimi sina macho ya kukutazama. Tulitaka viti tu. Tungejua..."

"Si mlipata mabati? Kalieni mabati."

"Una haki."

"Usiniambie nina haki!" Onesmus alijikuta amesimama, na sauti iliyokataa kutoka kanisani sasa ilitoka yote. "Haki yangu ulikuwa nayo mdomoni wewe. Siku ile. Maneno matatu tu, ni pa Onesmus, basi. Ulikula kwa Abigail miaka thelathini, Cornelius! Ulikuwa unaomba hata ukoko!"

Cornelius alilia. Alilia vibaya, kama wanavyolia wanaume wazee wasio na mazoea, huku akitoa karatasi mfukoni, kwa sababu hakuja kama rafiki peke yake, alikuja kama liguru na alikuwa ametumwa. Karatasi ilisema kwamba kaburi lililomo ndani ya eneo la uchimbaji lihamishwe na ndugu wa marehemu kabla ya siku thelathini.

Onesmus aliisoma mara mbili. Alishangaa kuona kwamba hasira imemwisha, imebaki kazi tu. "Sawa," alisema. "Nitamleta hapa uani. Nyuma ya jiko pana nafasi. Nitang'oa migomba miwili, atalala hapo, na mimi nikifika nitalala pembeni yake. Waambie sawa."

Cornelius hakuondoka.

"Nini tena?"

"Ni ile njano."

"Njano imefanya nini?"

"Hapa kwako ni njano. Makazi ya mji. Afisa wa afya anasema mpango ukishapita, ndani ya njano haturuhusiwi kuzika nyumbani. Viwanja ni vidogo, maji ya visima... Alinieleza, sikushika yote. Si wewe peke yako. Ni sisi wote." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Anasema Abigail aende makaburi ya mji."

Hapa lazima mtu aelewe. Kwa watu hawa mtu huzikwa kwake. Mwenye kufia Nairobi hurudishwa, mwenye kufia Uarabuni watu huchanga mpaka arudishwe, hata mwizi aliyeuawa kwa mawe mamake humchukua akamlaza kwao. Makaburi ya mji ni ya yule aliyekosa watu: aliyeokotwa, asiyejulikana jina, mgeni aliyefia kwenye mitaro. Kumpeleka mke wako huko ni kusema kwamba hakuwa wa mtu. Na watu wa Lusiola waliposimama mbele ya ramani wakiifurahia njano, hakuna aliyeuliza njano inakataza nini. Hata Lynette, na masomo yake yote, macho yake yalikuwa kwenye zambarau.

Lynette aliandika barua sita. Alijibiwa mbili. Onesmus alikwenda ofisi hii akaelekezwa ile, akaketi kwenye mabenchi, akaambiwa na kila mtu, kwa heshima kabisa, kwamba wanamwonea huruma. Siku ya ishirini na nane Cherono alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, bila tableti, macho mekundu.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Nimejaribu. Nimeambiwa siwezi kubadilisha."

"Ingia unywe chai."

"Niliandika ulivyosema."

"Najua, binti yangu. Hukukosea kuandika. Kunywa chai."

Alikunywa, akalia ndani ya kikombe, Onesmus akamtafutia leso. Alitamani kumchukia, akashindwa.

Walimfukua Abigail siku ya Jumanne asubuhi. Katekista Ignatius alisoma sala fupi. Afisa wa afya alikuwa na barakoa na glavu, chifu alikuwa na askari wawili ambao hawakuwa na kazi. Mabati yalifunguliwa upande mmoja, na watu wa Lusiola waliingia, wakajipanga. Hakuna aliyewaambia wajipange. Walisimama duara, kama walivyozoea kusimama pale, kila mtu nafasi yake ya siku zote. Cornelius alikuja na jembe lake. Onesmus alimwachia achimbe.

Lakini walipofika chini alishuka yeye. Jeneza lilikuwa limeoza upande wa kichwani. Rozari ilikuwepo, nyuzi zimekatika, punje zimetawanyika kwenye udongo, akaziokota moja moja mpaka afisa wa afya akasema taratibu, mzee, jua linapanda. Sanduku waliloleta lilikuwa dogo, la kubebwa na mtu mmoja. Mwanamke mkubwa vile, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya kijito, alitosha humo na nafasi ikabaki. Onesmus alijaza nafasi hiyo kwa leso iliyokuwa imefunga hati, akafunika.

Makaburi ya mji yako mteremkoni, nyasi zimefika magotini, vibao vya mbao vina namba na vingi havina. Wachimbaji wawili walikuwa wameshamaliza shimo. Upande wa kushoto wa shimo palikuwa na ukuta wa mawe. Upande wa kulia palikuwa wazi, mahali pa mtu mmoja.

Waliokuja walikuwa watatu tu, Onesmus, Lynette na katekista. Wengine wa Lusiola hawakuthubutu kupanda gari. Abigail aliwekwa, udongo ukarudishwa, Lynette akachomeka msalaba aliouandika jina kwa mkono wake. Onesmus aliutazama ule upande wa kulia, akaupima kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu karatasi ile ya Cornelius alihisi nafuu kidogo moyoni. Basi isiwe nyumbani. Iwe hapa, mradi wawe wawili.

"Vijana," aliwaambia wachimbaji, "hapa pembeni mniwekee mimi. Sitawachelewesha sana."

Walitazamana. Mkubwa wao aliegemea sepeto lake. "Mzee, hapa hatuwekeangi mtu nafasi. Anayekuja ndiye anazikwa."

"Nitaandika barua. Binti yangu anajua kuandika."

"Hata ukiandika. Hapa ni pa umma."

Hapo hapo pikapu iliingia langoni ikirudi kinyumenyume. Watu wawili waliteremsha kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai jeusi, wakakilaza nyasini. Wachimbaji hawakupumzika hata kidogo. Walisogea hatua moja kulia kwa Abigail, wakaanza kuchimba.

"Huyo ni nani?" Onesmus aliuliza.

"Hajulikani," dereva alisema. "Aliokotwa barabarani. Miezi mitatu hakuna aliyekuja."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Baba, twende," Lynette alisema, akamshika mkono. Alikuwa analia kwa hasira. "Baba, tafadhali. Usitazame."

Onesmus hakutoka. Hakumjua mtu yule, wala hakuwa na neno la kumwambia, na moyo wake ulikuwa unamtaka amtoe mle kwa mikono. Lakini hapakuwa na mwingine wa kusimama, na maiti haizikwi pasipo mtu aliyesimama. Alivua kofia yake. Walipomteremsha, aliinama kwa shida, akachota konzi moja ya udongo, akamrushia aliyelala mahali pake.